Kobe Amepita Hapa

Kwa miezi kumi na minne tulimchukia mtu tusiyemjua. Hatukujua kama ni mwanamume au mwanamke, mnene au mwembamba. Tulijua jina lake la mchezo tu, Kobe, na tulijua mwandiko wake: herufi kubwa zilizosimama wima, kila moja imeachiwa nafasi yake, kama watu waliopanga foleni bila kusukumana.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu anaficha kisanduku mahali fulani, chini ya daraja au kwenye mwanya wa jiwe, halafu anaweka namba za mahali hapo kwenye mtandao. Wengine wanazifuata namba kwa simu zao hadi wakione. Ndani hamna dhahabu wala lulu. Kuna kijidaftari na kalamu. Unaandika jina lako na saa, unakirudisha kisanduku kilipokuwa, unakwenda zako nyumbani ukiwa na michubuko na furaha ambayo huwezi kumweleza mtu mwenye akili timamu. Heshima kubwa ni moja tu: kuwa wa kwanza kuandika jina kwenye daftari jipya. Na heshima hiyo, kila tulikokwenda, ilikuwa imeshachukuliwa na Kobe.

Tulikuwa watatu. Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa, ndiyo maana wenzangu wananiita Ving'ora, ingawa nikiwa na gari langu mwenyewe nakwenda taratibu mpaka waendesha baiskeli wananipigia kengele. Wa pili ni Mkutubi, dada mmoja anayetunza vitabu vya chuo, ambaye sauti yake haijawahi kuvuka meza moja. Wa tatu, na huyu ndiye aliyekutwa na mkasa huu, ni Mpima.

Mpima amefanya kazi ofisi ya ardhi miaka ishirini na miwili. Ukuta wa jirani ukivuka mpaka kwa unene wa kidole, yeye ndiye anayeitwa. Sijawahi kumsikia akisema "karibu na hapo" au "mita tano hivi." Ukimuuliza maliwato yako wapi atakwambia mita kumi na moja, kaskazini mashariki. Mtu wa namna hiyo akishindwa na daktari au na mwanasheria atavumilia. Kushindwa kufika mahali, na kushindwa na mtu anayejiita Kobe, kulimkosesha usingizi.

"Huyu si mtu mmoja," alikuwa akituambia. "Ni kundi. Wana magari."

"Mwandiko ni mmoja," Mkutubi alimjibu.

"Basi ni mstaafu fulani asiye na kazi."

Siku moja ya Ijumaa jioni kikatangazwa kisanduku kipya katika korongo jekundu, kule jangwani, mwendo wa saa tatu kwa gari. Mpima alinipigia kabla sijamaliza kulisoma tangazo. Tuondoke kesho, saa kumi na moja alfajiri. Mkewe alikuwa ameahidiwa Jumamosi hiyo kwa ajili ya mlango wa bafuni, ambao ulikuwa haufungi kwa wiki saba. Mpima akamwambia ana kazi ya dharura: wajane wawili wanagombania mpaka, na asipokwenda watatoana macho. Mimi nilimwambia wangu ukweli. Aliniambia nisisahau kofia.

Njiani Mpima alikuwa na furaha ya bwana harusi. Magotini alikuwa amepakata kifaa cha kupimia cha ofisini, ndani ya sanduku lake la manjano, kama mtoto mchanga. "Simu zenu zinakosea mita tano, sita," alisema. "Hiki hakikosei hata upana wa kidole."

"Kuna dokezo," Mkutubi alisema kutoka kiti cha nyuma. Mwenye kuficha kisanduku huwa anaruhusiwa kuandika dokezo, sentensi moja au mbili za kumsaidia mtafutaji, na Mkutubi alikuwa amelisoma kwenye simu yake kabla hatujatoka mjini.

"Usiliseme!" Mpima aligeuka mzimamzima. "Dokezo ni la watu wasiojua kupima. Apa kwamba hutalisema."

"Siwezi kuapa kwa jambo kama hilo."

"Basi ahidi."

Mkutubi akaahidi. Ningependa mlikumbuke jambo moja kuhusu wakutubi: ukiwaambia wanyamaze, wananyamaza.

Tulifika saa mbili kasoro. Mdomo wa korongo ulikuwa mtupu. Hakuna gari, hakuna alama ya tairi mpya mchangani. Mpima alizunguka uwanja ule mara mbili akiukagua kama askari, kisha akacheka peke yake. "Leo Kobe atakula vumbi letu."

Tukaingia. Zamani maji yalipita pale kwa nguvu, sasa umebaki mchanga na kokoto nyeupe, na pande zote mbili kuta za mawe mekundu zenye mistari kama mbao iliyorandwa. Kadiri tulivyokwenda ndivyo kuta zilivyosogeleana, mpaka mbingu ikawa utepe wa buluu juu ya vichwa vyetu. Kulikuwa na baridi bado kivulini, lakini juu kabisa jua lilikuwa limeshashika ukingo wa mwamba na kuushusha moto taratibu. Na kulikuwa na mwangwi. Ukikohoa, korongo linakohoa nawe, mara tatu, kila mara kwa ustaarabu zaidi.

Baada ya dakika arobaini Mpima alisimamisha miguu mitatu ya kifaa chake, akakiwasha, akainama. Akanyanyuka. Akainama tena.

"Kinasemaje?" nikamuuliza.

"Kinasema tumo ndani ya mwamba."

"Ndani?"

"Mita kumi na nne ndani." Akakizima, akakiwasha. "Sasa kinasema tuko juu ya mlima."

Ukweli ni kwamba kifaa kile kilihitaji kuiona mbingu, na mbingu yenyewe ilikuwa utepe. Ishara za satelaiti zilikuwa zinagonga kuta zile na kurudi zikiwa zimechanganyikiwa, kama walevi wanaotafuta nyumba. Simu zetu nazo zilirukaruka. Mpima hakukubali. Alikaa nusu saa anaandika namba kwenye karatasi, anazijumlisha, anazigawanya, na mwishoni akaonyesha kidole juu, kwenye kibaraza cha mwamba kilichotokeza ukutani, urefu wa nyumba ya ghorofa moja kutoka mchangani.

"Pale," alisema. "Wastani wa vipimo vyote ni pale."

Nilimtazama Mkutubi. Alikuwa amekaa juu ya jiwe ameubana mdomo, na macho yake yalikuwa ya mtu anayejizuia kupiga chafya.

"Dada," nikamwambia, "hilo dokezo..."

"Ameahidi!" Mpima alifoka. Akavua mkoba, akajipangusa mikono, akaanza kupanda. Na kwa kuwa moyo wake ulikuwa juu kuliko miguu yake, alipofika katikati akageuza uso na kupiga kelele korongo zima: "Kobe! Uko wapi, Kobe? Leo umechelewa! Rudi ukajifiche kwenye gamba lako!"

Gamba lako, likaitikia korongo. Lako. Ako.

"Mwache mwenzio," nilimwambia.

"Nimwache kwa lipi? Mwaka mzima ananitia aibu! Nakwambia ni kizee fulani kimechokwa nyumbani kwake, kinazurura porini kwa sababu hakuna anayekitaka!"

Korongo likayarudia maneno hayo yote, moja baada ya jingine, bila kuongeza wala kupunguza.

Alifika kwenye kibaraza. Alitafuta kwenye kila ufa, akaingiza mkono kwenye kila tundu, akatoa mavi ya ndege na mfupa mmoja wa mnyama mdogo. Kisanduku hakikuwepo. Kisha akageuka ashuke, akatazama chini, na hapo hapo akashikamana na mwamba kama mjusi.

"Ving'ora," aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nimepandaje hapa?"

"Si umepanda mwenyewe? Rudisha mguu ulikotoka."

"Siuoni ulikotoka."

Kila aliyewahi kupanda mwamba anajua kwamba njia ya kupanda na njia ya kushuka si njia moja. Mpima alikuwa amejua kwa kuchelewa. Miguu ilimtetemeka, tukaiona kutoka chini, suruali inapepea bila upepo. Simu hazikuwa na mtandao. Kamba ilikuwa garini, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, na jua lilikuwa limeshashuka hadi mita chache juu ya kichwa chake.

"Aliye juu mngoje chini," alisema Mkutubi polepole. Sikujua kama ni methali au ni ushauri.

Nilikuwa nimeshaanza kufunga kamba za buti nikimbilie garini, ndipo sauti ya mwanamke ikatoka upande wa juu wa korongo, nyuma ya kona.

"Mguu wa kushoto, baba. Usiuteremshe. Upeleke kushoto kwanza."

Akatokea mama mmoja wa makamo ya juu, umri wa bibi, kofia pana imefungwa kidevuni kwa utepe, fimbo mbili mkononi, soksi zimevutwa hadi magotini juu ya suruali. Alitembea bila haraka, akiweka kila mguu mahali alipokuwa ameshapachagua. Nilimfahamu. Nilishakula nyumbani kwake na kwa binti yake mara nyingi. Mpima alifunua jicho moja, akachungulia chini ya kwapa lake mwenyewe, na akamwona mama mkwe wake.

Sasa fikirini. Mtu ananing'inia ukutani, mikono yote miwili imeshika jiwe, kitambaa cha suruali kimepasuka nyuma, na mbele yake yuko mama wa mkewe, ambaye kwa miaka kumi na saba hajawahi hata kumpita bila kuinamisha kichwa.

"Shikamoo mama," alisema Mpima.

"Marahaba, mkwe wangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

"Haya. Mguu wa kushoto."

Akamshusha. Alisimama chini ameegemea fimbo zake na kumwelekeza kama mtu anayemsomea kipofu barua: hapo pana kijiwe, si hicho, cha pili yake; kiganja chako cha kulia kiachie kidogo; pumua; usitazame chini, mimi natazama kwa niaba yako. Hakupandisha sauti. Mpima alitii kila neno, jambo ambalo mkewe angelipa kiingilio kulishuhudia. Ilibaki kama mita moja na nusu.

"Hapo usiruke," mama alisema. "Kuna hatua mbili bado."

Lakini aibu ni kitu kizito kuliko mtu. Mpima alitaka kuwa chini tayari, amesimama wima, amejifuta vumbi, apate kumwamkia mkwewe kama binadamu. Akaruka. Kifundo cha mguu kikalia, na korongo nalo likalia.

Nilimpima mfupa, haukuvunjika, ila kifundo kilikuwa kimeteguka vibaya. Nikamfunga bandeji. Wakati namfunga, Mkutubi aliinuka kwenye jiwe lake, akapiga hatua tatu, akainama kwenye kishimo kilichokuwa ukutani usawa wa goti, akaondoa kokoto mbili na kutoa kisanduku.

Mpima alimkodolea macho. "Ulijua?"

"Dokezo," alisema Mkutubi. "Linasema: Kiko usawa wa goti, usipande."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuahidi."

Akafungua kifuniko, akatoa daftari, akalisoma, akalifunga. Halafu kwa sababu hakukuwa na namna akalifungua tena na kutuonyesha. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza: KOBE. SAA MOJA NA DAKIKA ISHIRINI. Herufi zimesimama wima kwenye foleni.

"Yumo humu!" Mpima alijaribu kusimama, mguu ukamkatalia. "Saa moja na dakika ishirini ni leo hii! Yumo humu korongoni! Mama, huko juu umepishana na mtu yeyote?"

"Sijapishana na mtu."

"Mzee mmoja hivi? Au vijana, kundi?"

"Nimekuwa peke yangu tangu alfajiri," alisema mama.

Mimi na Mkutubi tulitazamana. Tulikuwa tumeshaelewa, na nadhani hata mijusi ya pale ilikuwa imeelewa. Mpima tu, mwenye kifaa kisichokosea upana wa kidole, alikuwa bado anachunguza kona za mbali.

Mama akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akanyoosha mkono kwa Mkutubi. "Nipe kidogo, mwanangu. Nilisahau tarehe." Akachukua kalamu, akaandika tarehe pembeni ya jina, namba baada ya namba, wima, bila kusukumana. Akapuliza wino ukauke.

Mpima alikuwa ameshakaa mchangani, lakini nilimwona akikaa tena.

Gari la mama lilikuwa upande wa juu wa korongo, robo saa tu kwa miguu. Kuna njia nzuri inayoteremka polepole kutoka huko, ambayo ingekuwa kwenye ramani yetu kama Mpima angekubali tutumie ramani ya watu wa kawaida. Tukambeba, mkono mmoja begani kwangu, mwingine kwa Mkutubi. Mama alitangulia na kile kifaa cha manjano mgongoni. Alisema si kizito.

Gari lilikuwa pikapu ya marehemu mumewe. Niliijua habari zake, maana Mpima ndiye aliyekuwa akiwashawishi ndugu wote iuzwe: imekufa, inaota kutu chini ya turubai, na hata ingekuwa nzima mama hawezi kuendesha tena. Mama alimkalisha mbele, akauinua mguu wake juu ya gunia lililokunjwa, akawasha gari mara moja tu. Mimi na Mkutubi tulipanda nyuma. Kioo cha nyuma ya dereva kilikuwa kimeondoka zamani, kwa hiyo yaliyosemwa mbele tuliyasikia yote, katikati ya kuruka na kushikilia. Miaka kumi na tisa nimeendesha wagonjwa. Siku ile ndipo nilipojua wagonjwa wanavyojisikia.

Mama alikanyaga mafuta, mchanga ukaruka pande zote.

"Mama," Mpima akaanza, "pole pole kidogo."

"Mchangani ukienda pole pole unazama." Akabadilisha gia. "Nilikuwa nimepumzika pale nyuma ya kona. Nilikuwa nakunywa maji. Nikakusikia."

"Mama, naomba radhi. Sikujua kama ni wewe."

"Ungejua, ungesema nini?"

"Nisingesema kitu, mama."

"Ndiyo hivyo. Nyumbani husemi kitu. Nyumbani unanisogezea mto wa mgongoni."

Mpima akatazama mguu wake.

"Sisemi mbaya," mama aliendelea. "Wote mnanitunza. Binti yangu ananipikia, kaka yake ananilipia umeme, wewe unanisogezea mto. Nimefanya kazi posta miaka thelathini na mmoja. Kupanga barua. Nilikuwa najua kila mtaa, kila kijiji, kila sanduku la barua, na sijawahi kukanyaga hata robo ya kule nilikokuwa nikituma barua za watu. Nikasema, nikistaafu nitakwenda nikapaone. Nikastaafu, mzee akafariki, mkanikalisha kwenye kochi."

"Lakini mchezo huu umeujuaje?"

"Si umenifundisha wewe?"

"Mimi?"

"Mezani, ile siku mlikuja na keki. Uliongea saa nzima. Satelaiti, namba, daftari. Mkeo alisinzia. Watoto walitoka. Mimi nilikuwa nasikiliza." Alikata kona kwa mkono mmoja. "Hakuna aliyewahi kunieleza kitu kwa urefu namna ile. Kesho yake nikamwomba mjukuu wangu wa kwanza aniwekee kwenye simu."

"Binti yangu anajua?"

"Ana siri kuliko nyie wote."

Niliona kisogo cha Mpima kikiinama, kikiinuka. Nilijua swali linalokuja, na nadhani yeye mwenyewe hakutaka kuliuliza.

"Na jina, mama? Kwa nini Kobe?"

"Siku ya harusi ya mdogo wake mkeo. Mlikuwa garini mnaningoja, mimi nafunga mlango. Dirisha lilikuwa wazi, nikasikia ulivyoniita."

Mpima hakuuliza dirisha gani. Mkutubi, pembeni yangu, aligeuka akaanza kutazama milima kwa bidii.

Baadaye kidogo nilimsikia Mpima akisema, kwa sauti ya chini lakini si ya kuombea msamaha tena, "Kile kisanduku cha kwenye mnara wa maji. Kile kilichotushinda siku tatu. Ulikifikiaje?"

"Aa, kile!" Mama alicheka, na gari likacheka nalo. "Nyie mlitafuta mnara. Namba zinaonyesha kivuli cha mnara." Akamweleza kwa urefu, hadi tulipofika kwenye gari letu upande wa chini. Alizima injini bado anaeleza.

Pale pale uwanjani, kabla hatujaachana, ikabidi kupanga uongo. Ilibainika kwamba mama naye, kila Jumamosi, kwa binti yake anahesabika yuko zahanati kwenye mazoezi ya goti. Wakakubaliana kama mawakili wawili: hakuna aliyemwona mwenzake. Mpima alianguka kwenye shimo la msingi, kwa wale wajane. Mama alikuwa mazoezini. Mkutubi aliombwa kuahidi kunyamaza, na hapo sote tulijua siri iko salama hadi kiyama.

Nilimpeleka Mpima nyumbani. Mkewe alitupokea mlangoni, akamtazama mumewe kuanzia nywele hadi bandeji.

"Wajane?" aliuliza.

"Shimo la msingi," alisema Mpima. "Kina cha mita moja na sentimita arobaini." Hata katika uongo hakuweza kukadiria.

Saa moja baadaye mama aliingia na mkoba wake mdogo, amevaa gauni la maua na kandambili. "Ee, mkwe wangu, yamekukuta nini? Pole sana baba. Kazi hizi!"

"Asante mama," alisema Mpima, akiangalia ukuta.

"Na wewe goti lako, mama?" binti yake akamuuliza.

"Linaendelea. Leo wametupandisha na kutushusha sana."

Daktari alimpa Mpima wiki nne za kutokanyaga chini. Akawekwa kwenye kochi. Mkewe akamwekea mto wa mgongoni, watoto wakamletea chai, shemeji yake akaja kumlipia bili aliyokuwa na uwezo wa kuilipa mwenyewe. Siku ya tano nilipokwenda kumwona alinishika mkono. "Ving'ora," alisema, "nimeomba kisu nimenye kiazi, wakaninyang'anya. Wanasema nitachoka."

Jumamosi iliyofuata mama alitualika mimi na Mkutubi kwenye kisanduku kipya, kule machimbo ya chokaa. Nilijiona msaliti, lakini nilikwenda, na tulikuwa wa kwanza. Naona haya kusema ilikuwa rahisi sana: mama alisoma dokezo, akafikiri dakika tano, akatembea hadi pale. Kwenye kochi lake Mpima aliona majina yetu matatu kwenye ukurasa wa mchezo, simuni. Nilitegemea kelele. Badala yake alinitumia ujumbe: mwambieni mama ile njia ya mashariki ina mteremko mbaya, arudi kwa magharibi.

Kuanzia hapo yeye akawa ofisi yetu. Alisoma ramani, akachagua njia, akakadiria maji ya kunywa. Na mkewe alipouliza mbona simu ya mama haipatikani, yeye ndiye aliyejibu kutoka kochini: "Mazoezini wanazima simu. Watamaliza saa nane na robo." Jioni mama aliketi kando yake, vichwa vimekaribiana, wakinong'ona kuhusu mianya na mabonde. Mke wa Mpima alifagia sebuleni mchanga mwekundu na kulaani upepo wa msimu ule.

Wiki ya nne nilipokwenda, mkewe alinivuta jikoni akafunga mlango. Uso wake uling'aa.

"Shemeji, nimeshajua," alisema.

"Umejua nini?" nikamuuliza.

"Mume wangu na mama. Miaka kumi na saba hawakuwahi kuongea zaidi ya salamu. Sasa hawaachani. Wananong'ona, nikiingia wananyamaza, juzi nimemwona mama anaficha karatasi yenye namba namba. Namba za simu hizo, za wageni." Akanishika bega. "Mwezi ujao natimiza arobaini. Wananiandalia sherehe ya kunishtukiza, sivyo? Usiniambie. Wewe nyamaza tu, nitaona usoni kwako."

Nilinyamaza. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini machozi yalimlengalenga. "Hakuna aliyewahi kunifanyia kitu kama hicho," alisema. "Nilidhani hata tarehe hawaikumbuki."

Nikarudi sebuleni, nikainama sikioni kwa Mpima, nikamwambia. Alibadilika rangi. Akamgeukia mkwewe.

"Mama, mwezi ujao ni tarehe ngapi?"

"Ya nini?"

"Kuzaliwa kwa mke wangu."

Mama akafikiri. Alikumbuka namba za kila kisanduku cha mkoa mzima kwa kichwa. "Mimi ndiye niliyemzaa," alisema hatimaye, kwa mashaka, "nadhani ni kumi na tisa."

Ilikuwa kumi na saba. Mkutubi aliitafuta. Tulikodi ukumbi mdogo karibu na maktaba. Mpima alipima meza na viti mpaka watu wa ukumbi wakachoka naye. Mama aliandika kadi zote arobaini kwa mkono wake, na hakuna hata moja iliyopotea njia. Tulishtukiza kwa kelele, na mwenye sherehe alishtuka vizuri sana kwa mtu aliyekuwa akingoja mwezi mzima. Alilia, akamkumbatia mumewe, akamkumbatia mama yake, akawauliza kwa sauti ya kusikiwa na ukumbi wote: mmelipanga jambo hili tangu lini?

Mpima alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na kipimo.

"Zamani kidogo," mama akajibu, akimpanguza binti yake machozi kwa kiganja. "Kata keki, mwanangu, watu wana njaa."